Aliyetujibu Nyuma

Sifa wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani kuagwa, na ninavyomjua Mama Furaha hatakuachia mapema, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani. Dirisha liko wazi. Bandarini meli inapiga honi, watoto wa ghorofa ya chini wanagombania baiskeli, na begi lako la magongo limelala katikati ya chumba kama mlevi aliyesahau njia ya kwao. Nalipita kwa kuliruka. Kila nikijikwaa natamani kulitukana, halafu nakumbuka kwamba kesho jioni hapo patakuwa sakafu tupu, basi naliacha lilale.

Sitakuandikia habari za soksi wala za chakula. Kula unajua, sufuria zangu ni mashahidi. Habari za wanaume umeshachoka kuzisikia. Kuna jambo moja tu. Ningependa kukuambia ana kwa ana, lakini kila nikifungua mdomo unanitazama kwa yale macho ya baba yako, nami najikuta nazungumzia sweta.

Jana nilipokuwa nakusuka ile mistari ya kulala, ili kofia ya mchezo isikubane, ulisema, "Mama, kule sitaogopa kwenda mbele. Nikiuliza, sauti yako iko mu kichwa yangu, itanijibu tu. Kama ile siku ya finali."

Nikakuambia, "Inamisha kichwa."

Ukainamisha, nikaendelea kusuka, na vidole vyangu vikawa vya baridi mpaka ukalalamika. Sasa nakujibu. Siku ya finali, siku ya lile bao lililowafanya watu wa Ulaya wakutafute, mimi sikuwepo uwanjani. Sikukuita. Aliyekujibu hakuwa mimi, na siwezi kukuacha upande ndege ukidhani ni mimi.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Baada ya hapo nikasirikie utakavyo, nitakuwa nimestahili.

Tulipofika Durban nilipata kazi ya kufagia kwenye uwanja wa barafu, ule wa karibu na ufukwe. Sikuwa na mtu wa kukuachia, nikaenda nawe. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wa pembeni ili nitoe takataka, joto la nje likaingia, na barafu yote ikaanza kutoa moshi. Ukungu mweupe ukapanda mpaka kiunoni mwangu. Wewe ulikuwa mdogo, ukungu ukakumeza mzima. Nikakuita. Ukanijibu kutoka ndani ya ule weupe, unacheka, na kila ulipojibu ulikuwa upande mwingine. Nilitaka kuacha kazi pale pale. Nilibaki kwa sababu tulihitaji kula, na kwa sababu wewe ulikataa kutoka.

Kocha Pillay ndiye aliyekutafutia viatu vya visu vya kutelezea, vile vya kukodisha, vimepinda. Mimi nikavaa gamboti zangu za kazi nikatembea nyuma yako juu ya barafu, mikono nimeinyoosha nikudake. Uliogopa kugeuka kwa sababu kila ukigeuka unaanguka. Basi ukawa unauliza, "Mama, uko?" Nami najibu, "Niko nyuma." Unapiga hatua. "Uko?" "Niko nyuma." Hivyo ndivyo ulivyojifunza kuteleza, na mpaka hapo sijilaumu kwa lolote.

Ulipokua wakakuweka beki kwenye timu ya mpira wa magongo wa barafuni. Mimi mchezo wenyewe sikuujua, niliujua uchafu wake tu, lakini mtu akisimama nyuma ya kile kioo kinachozunguka barafu miaka yote hiyo, kitu kinaingia kichwani hata kama hakitaki. Nikaelewa kwamba beki kazi yake ni kukaa mbele ya kipa na kuzuia. Ila beki mwenye miguu kama yako, akiona mwanya, anapanda na kile kisahani cheusi mnachokipiga, anakuwa mshambuliaji wa ziada, na hapo ndipo watu wanasimama kwenye viti. Sasa akipanda, lazima mwenzake mmoja arudi akae pale alipotoka. Asiporudi mtu, na kisahani kikapotea huko mbele, wapinzani wanakuja wawili wawili na kipa anabaki na maombi. Mengine yote mnayochoranachorana kwenye ule ubao wa kocha mimi naona ni mapambo. Shida ni nani anakwenda, nani anabaki, na kama yule anayekwenda anajua kweli kwamba kuna aliyebaki.

Kocha alikuwa anawaambia kabla ya kupanda mtazame juu ya bega. Wenzako walitazama. Wewe ulikuwa mvivu wa kutazama, na aliyekufundisha uvivu huo ni mimi. Nilikuwa na kona yangu kwenye kioo, nyuma ya goli lenu. Ukitaka kupanda ulipiga kelele, "Uko?" Mimi nikiona Thandeka, beki mwenzako, amebaki, au mshambuliaji wa pembeni amerudi kukufunikia, nilijibu, "Niko nyuma," nawe ulikwenda kama mshale bila kusogeza shingo. Hata Thandeka, msichana wa Umlazi asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alilijifunza neno lile. Timu za Johannesburg zilidhani tunaroga.

Siku moja Kocha Pillay alinifuata na kikombe chake cha chai. Akasema, "Mama Sifa, huyu mtoto hatazami. Anasikiliza tu. Ongea naye."

Nikamwambia, "Kocha, kwetu mtu hatazami nyuma. Anauliza."

"Na anayejibu akiwa amekosea?"

Nilichukua ufagio wangu nikaondoka na maringo yangu yote. Nilidhani nimemshinda.

Lakini ni kweli kwamba kwetu, kule milimani juu ya Uvira, Kongo, mwanamke mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo. Akigeuza, mzigo unakwenda. Tulikuwa tunatoka shambani tukiwa kundi zima, tunasimuliana mambo ya watu njia yote, bila hata mmoja kuona uso wa mwenzake. Wa mbele anauliza, wa nyuma anajibu. Nimekua hivyo, nikaolewa hivyo. Na watu wakikimbia vita, mwanaume anatembea nyuma, mwanamke na mtoto mbele. Siku tuliyokimbia, baba yako alifanya kama wanaume wa kwetu wanavyofanya. Mimi nilikuwa mbele na beseni kichwani, ndani yake unga, sufuria na nguo zako, na wewe mgongoni kwenye kitenge. Njia ilikuwa watu na vumbi. Nikiuliza, "Baba Sifa, uko?" anajibu, "Niko nyuma. Endelea."

Unajua kwamba alipotea njiani. Hilo nilikuambia mara ya kwanza uliponiuliza na kwa hilo sijawahi kukudanganya. Ila kila mara nilikatisha maelezo, nikasema watu walikuwa wengi, tukapotezana. Ngoja leo niyamalize.

Tulivuka daraja la miti, lile la mto mdogo. Hatujafika mbali tukasikia milio nyuma yetu, na watu wakaanza kukimbia. Nikauliza kama yuko. Akajibu kwamba yuko, niendelee. Sauti ilikuwa karibu sana, karibu na kisigino changu. Na wewe, Sifa, ulikuwa umegeuza kichwa ndani ya kitenge ukimtazama. Ulikuwa unacheka. Nilisikia mwili wako unacheka mgongoni mwangu. Ulikuwa na kipande cha muhogo ulichokuwa unakitafuna tangu asubuhi, ukanyoosha mkono nje ya kitenge ukasema, "Shika, baba." Ukarudisha mkono mtupu. Ningegeukaje, mwanangu, wakati nilikuwa na masikio yangu na macho yako?

Tulikwenda hivyo mpaka mpakani. Kila nikiuliza, najibiwa. Nilipotua beseni nikageuka nimpe maji, nyuma yangu alikuwa amesimama mzee nisiyemjua, ameshika kamba ya mbuzi.

Nikamuuliza, "Baba, yule bwana alikuwa nyuma yangu ameenda wapi?"

Akavuta mbuzi wake karibu. "Mama, ni miye niko nyuma yako kutoka daraja. Bwana hakuna. Nilikuwa najiuliza tu, huyu mama na mutoto wake banasema na nani."

Nilichungulia chini, nikapekua kitenge, nikapekua hata mkono wako. Muhogo haukuwepo.

Mama Furaha, aliyekuwa kwenye msafara ule ule nyuma yetu, alifika mpakani kesho yake, miguu imevimba. Yeye ndiye aliyeniambia. Baba yako alipigwa risasi ya mguu upande wa pili wa daraja, hata hakulivuka. Alikaa ameegemea nguzo, akawa ananiita jina langu, si la kwako, langu mimi, lile la nyumbani. Mama Furaha alijaribu kumnyanyua akashindwa, na watu wakamsukuma mbele. Anasema alimsikia akiita mpaka umbali ukamfuta. Nilitaka kurudi, askari wa mpakani wakakataa. Usiku ule daraja likachomwa. Waliorudi baadaye hawakukuta mtu, wala nguo, wala kaburi.

Kwa hiyo aliyeniita kweli sikumsikia, na niliyemsikia hakuwepo. Nimeishi na jambo hilo muda wote ambao umenijua. Ndiyo maana Mama Furaha ananivumilia na mimi namvumilia, ingawa mdomo wake haujui kufungwa. Yeye peke yake ndiye anayelijua.

Ningegeuza shingo mara moja pale darajani, beseni lingeanguka na unga ungemwagika. Ungekuwa unga tu. Siku nyingine najiambia kwamba ningegeuka ningerudi, na sote watatu tungeishia kwenye ile nguzo, na kwamba sauti ile ilitusukuma mbele kwa huruma. Siku nyingine naichukia. Sijui kama ilikuwa ni yeye, roho yake ikituwahi mbele ya mwili, au ni kitu kilichovaa sauti yake. Nilimuuliza mchungaji mmoja akasema malaika, mwingine akasema shetani. Nikawaachia wabishane, mimi nikarudi kusuka nywele za watu.

Usidhani nakuambia haya ili ukae nyuma. Hilo nalo nimelijaribu. Tulipokwisha kupata hiki chumba cha Albert Park niliamua sitaacha tena mlango wazi nyuma yangu. Unakumbuka kabati. Wakati wageni walipokuwa wanafukuzwa mitaani nililisukuma mlangoni, na kila mtu mwenye akili alifanya hivyo. Lakini mambo yalipotulia, majirani walirudisha kabati zao ukutani, mimi langu likabaki pale, tukawa tunatoka nyumbani kwa ubavu kama kaa. Ndipo ikaja ile safari ya Johannesburg, mashindano ya wasichana wadogo. Nilimwambia kocha una homa. Hukuwa na homa. Ulikaa kitandani umevaa jezi mpaka jioni, na mimi nilikaa kwenye kiti, mgongo kwenye kabati, nikikulinda.

Nani alikuja? Hata muuza airtime hakubisha hodi. Timu ilikwenda bila beki wake ikapigwa vibaya, na hapa nililinda mlango ambao hakuna aliyeutaka. Baada ya hapo ulikaa muda mrefu bila kuniuliza kwenye barafu kama niko. Ulicheza kimya, ulibaki nyuma mbele ya kipa, hukupanda hata palipokuwa na mwanya wa kupitisha basi. Kocha alifurahi kwamba umeanza kulinda. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu, mdomo umejaa jibu na hakuna anayeuliza. Iliniuma, Sifa. Sikuwahi kukuomba radhi, nakuomba sasa.

Kisha siku moja uliuliza tena, nikajibu kabla hata sijatazama nani amebaki. Kwa furaha tu. Bahati yako Thandeka alikuwepo.

Sasa nije kwenye finali. Unakumbuka lilivyokuwa joto, mvua ikanyesha, kisha joto likarudi. Nilikuwa nimekwenda Bluff, ng'ambo ya bandari, kumsuka bibi harusi, nikiwa na uhakika wa kurudi mapema. Lakini malori ya makontena yalikuwa yamefunga barabara ya bandarini, teksi yetu ikasimama, dereva akazima injini akatoa gazeti. Nilimwambia nina mtoto anayecheza finali. Akasema, "Eish, mama, hata mimi nina mtoto." Nikakaa pale nikitazama zile kreni, makontena yanapanda na kushuka, na mechi yako inakwenda. Nilipofika, watu walikuwa wanatoka. Nilikukuta kwenye kile kijia cha vyumba vya kubadilishia nguo, nywele zimelowa, ukaniangukia.

"Mama, nilikusikia. Niliuliza, ukajibu. Lakini sauti yako ilikuwa nzito, uko na mafua?"

Nikasema, "Kidogo."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ulikuwa na furaha kiasi kwamba nilishindwa kuigusa. Ukanipa medali niishike, ilikuwa bado ina joto la mwili wako.

Thandeka alipokuja kusukwa nilimuuliza kama ni yeye aliyekujibu. Akasema hapana, alikuwa ameshaondoka kwenda benchi ili abadilishwe, na aliyetakiwa kuingia badala yake alikuwa bado hajaruka ule ukuta mfupi wa kuingilia barafuni. Nikamshukuru Mungu, nikafikiri basi ni kichwa chako tu kilichozoea. Halafu akaongeza, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, "Lakini nilimsikia, Mama. Nilidhani ni mwanaume mpya wa usafi. Nikajiuliza nani amemfundisha neno lenu."

Nilimwomba Kocha Pillay anitumie ile video. Uliiona, nyote mliiona, lakini ninyi mnatazama kisahani. Mimi niliitazama nyuma yako. Walikuwa wamefungua mlango wa dharura kwa sababu ya joto, kwa hiyo ukungu umetanda. Unauliza, mdomo wako unaonekana. Unapanda. Nyuma yako hakuna mtu, Sifa. Nusu nzima ya uwanja ni nyeupe na tupu, yuko kipa peke yake huko mwisho, na yule mshambuliaji mrefu wa Pretoria amebaki katikati anasubiri ukosee. Na unakosea. Gongo la beki wao linakigusa kisahani, kinakuponyoka, kinarudi nyuma kwenye ule utupu, na yule mrefu anakikimbilia akiwa peke yake. Ilikuwa ni bao lao. Kisha anapinda. Anapinda ghafla, bega limeinuka, kama mnavyopinda mkitaka msigongane na mtu. Na kisahani kinaingia kwenye ukungu, kinagonga kitu, kinarudi kwako.

Ukafunga. Watu wakapiga mayowe. Kocha anasema barafu ilikuwa mbovu siku ile, ina mifereji, kisahani kiligonga mfereji na yule msichana aliukwepa. Inawezekana. Nimefagia pembeni mwa barafu ile miaka mingi na nimeona ikifanya vituko. Lakini sijawahi kuona mfereji wa barafu unaojibu kwa Kiswahili.

Kwa hiyo bao linalokupeleka Ulaya lilianza na kosa ambalo mtu mwingine alilifunika, na hatujui ni nani. Huyo kocha wako mpya si mjinga. Alipopiga simu wiki iliyopita akasema kwamba wamekuchukua kwa sababu unapanda, lakini jambo la kwanza watakalokufundisha ni kulinda, ulitupa simu kitandani. "Bananichukua nishambulie, sasa banataka nikae nyuma kama askari wa geti." Nilicheka ukakasirika zaidi. Sikucheka kwa sababu umekosea. Nilicheka kwa sababu yule mtu asiyenijua, aliyeko kwenye baridi yake huko, alikuwa anakuambia kile ambacho mimi ningepaswa kukuambia tangu ukiwa na viatu vya kukodisha. Ameitazama video kama mimi. Ameona utupu.

Nenda mbele, mwanangu. Miguu hiyo hukupewa ili usimame mbele ya kipa, na mtu akikuambia ukae tu, mwambie mama yako ameshalinda kwa niaba ya ukoo mzima na hakuna alichookoa. Lakini usiende kwa sababu umejibiwa. Kuna siku Thandeka wako mpya atasema yupo akiwa ameshachoka, anataka benchi. Atakuwa hajadanganya, alikuwepo aliposema. Geuza shingo umwone. Ukimwona, ruka. Usipomwona, rudi ukae wewe, hata kama mwanya ni mzuri wa kutamanisha, hata kama uwanja mzima unakuita. Huko watu wanalipwa kuja kukugonga, si wasichana wa Pretoria wanaopinda.

Na kuna lile jingine ambalo kocha wako mpya hataweza kukufundisha. Timu nzima ya huko, umeniambia mwenyewe, hakuna mwenye Kiswahili hata mmoja. Ukiwa kwenye barafu ile ukasikia Kiswahili nyuma yako, usifurahi. Usidhani ni mama. Mimi nitakuwa hapa, mikono kwenye kichwa cha mtu, na nikikukumbuka nitakupigia simu kama watu wengine. Kama ni baba yako, anatupenda, naye hatakasirika ukigeuka kumtazama. Kama si yeye, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutazama. Ninakupenda na ninaogopa, na vyote viwili nimeviandika hapa ili nisivikalie kimya.

Kesho uwanja wa ndege utajaa. Kanisa zima linataka kuja na ngoma, nimewaambia waimbe huku nje kisha wanyamaze. Utakapofika pale wanapokagua mizigo, ambapo sisi hatupiti, nitakuwa nimesimama mbele ya kundi, mahali pa wazi. Sitakuita. Sitasema neno hata moja, na nimemwapisha Mama Furaha naye afunge mdomo wake, nawe unajua hiyo ni kazi kiasi gani. Geuka. Nitazame usoni mpaka uwe na hakika ni mimi, ndipo uende. Na kama ukiwa bado umenipa mgongo utasikia mtu anakuambia endelea, basi usipige hata hatua moja, kwa sababu mimi midomo yangu itakuwa imefungwa.

Mama yako